Nimeshikwa na manukato ambayo sikulipia, Jumanne nasomewa mashtaka

Bi Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 26, naishi Kisauni, Mombasa, nasuka nywele kwenye saluni moja ya mtaani. Sijawahi kushikwa na polisi maishani mwangu. Jumamosi jioni niliingia supamaketi moja upande wa Nyali kununua unga, mafuta ya kupikia na sabuni. Hivyo nililipia na risiti ninayo. Lakini mkobani mlikuwa na chupa ya manukato na losheni, vyote viwili kama shilingi 3,400, ambavyo sikulipia. Sitakuficha, nilivitia mwenyewe. Nilipovuka kaunta tu mlinzi akanishika mkono.

Walinipeleka chumba cha nyuma. Mlinzi akaandika karatasi kwamba nimeiba na kwamba ni mazoea yangu, akaniambia nikitia sahihi ataniachilia. Nikatia. Wakanipiga picha nimeshikilia vile vitu, wakasema wataitupa Facebook. Halafu wakaita polisi. Nililala kituoni, kesho yake kaka yangu akaja akalipa shilingi 5,000 nikatoka. Nimeambiwa nifike mahakama ya Shanzu Jumanne asubuhi.

Askari mmoja aliniambia nikubali tu, hakimu atanipiga faini ndogo na siku hiyo hiyo nitarudi nyumbani. Binamu yangu naye anasema nikane kila kitu, watajua wenyewe na kamera zao. Mimi sijui nimsikilize nani. Je, nitafungwa? Lazima niwe na wakili? Nikiwalipa supamaketi pesa zao kesi itaisha? Na kuna wakala anayenitafutia kazi Qatar, amesema bila cheti cha maadili mema hakuna safari. Mama hajui lolote. Kaka alimwambia nimelala kwa rafiki.

Aliyefikwa, Kisauni

* * *

Marahaba, mwanangu. Umeniambia ukweli bila kuzungukazunguka, na hilo limenirahisishia kazi.

Askari na binamu yako wamekosea mahali pamoja: wote wawili wamekupa jibu kabla ya kusoma swali. Swali lenyewe liko kwenye hati ya mashtaka, na wewe bado hujaiona. Kwa hiyo leo au kesho mtume kaka yako kituoni aulize umeshtakiwa kwa kosa gani hasa, na aandike namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Akikosa, basi Jumanne fika Shanzu kabla ya saa mbili na nusu, utafute jina lako kwenye orodha ya kesi iliyobandikwa ukutani, kisha umwombe karani au kiongozi wa mashtaka akuonyeshe hati hiyo. Isome, au usomewe na mtu unayemwamini, kwa sababu huandikwa kwa Kiingereza. Angalia vitu vilivyotajwa na bei yake. Wewe unasema vitu viwili, shilingi 3,400. Hati ikisema vitu sita vya shilingi 9,000, hapo tayari kuna jambo la kusema.

Nadhani utakuta kifungu cha 268 kikisomwa pamoja na cha 275 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63. Cha 268 kinaeleza wizi ni nini: kuchukua mali ya mtu kwa hila, bila kuwa na haki nayo, ukiwa na nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Cha 275 kinataja adhabu, kifungo kisichozidi miaka mitatu. Usizimie. Miaka mitatu ni kilele. Mtu wa mara ya kwanza, mali ndogo, na mali yenyewe imerudi rafuni, kwa kawaida hafiki huko. Hakimu ana njia nyingine kadhaa nitakazokueleza. Lakini sitakuahidi kwamba hutafungwa, na yeyote anayekuahidi hivyo, awe askari au wakili, anakuuzia maneno.

Sasa Jumanne yenyewe. Vaa nguo ya heshima, buibui au gauni lenye mikono, zima simu, keti nyuma na unyamaze. Hakimu akiingia mnasimama. Jina lako likiitwa itika, uende kizimbani. Utaulizwa unaelewa lugha gani. Sema Kiswahili, au kama ni Kigiriama ndiyo lugha inayokutoka vizuri, sema Kigiriama, maana kutafutiwa mkalimani bila malipo ni haki yako chini ya Kifungu cha 50 cha Katiba. Usiitikie Kiingereza kwa sababu ya aibu. Karani atasoma mashtaka, kisha utaulizwa: ni kweli au si kweli?

Hapo ndipo kesi nyingi za wizi mdogo zinapokwisha, ndani ya dakika tano, na hapo ndipo nataka akili yako iwe macho kuliko mahali pengine popote.

Ukisema "ni kweli", kiongozi wa mashtaka atasoma maelezo ya tukio: siku, saa, ulichochukua, jinsi ulivyoshikwa. Kisha hakimu anatakiwa akuulize tena kama maelezo hayo nayo ni kweli. Utaratibu huu si hisani ya hakimu. Uliwekwa wazi na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, na mahakama zetu zinaufuata hadi leo. Maelezo yakiwa na uongo, sema. Ukisema "ni kweli, lakini nilisahau kulipa", au "ni kweli, lakini vile vingine si vyangu", hakimu anapaswa aandike kwamba umekana, kwa sababu hujakubali kosa kamili. Wengi hawajui hili. Wanasikia maelezo yamejazwa chumvi, wanaitikia "ni kweli" kwa uoga, na baadaye wanashangaa kwa nini adhabu imekuwa nzito. Ukishakiri na ukahukumiwa, rufaa yako itakuwa juu ya adhabu tu, uzito wake au uhalali wake. Hutarudi kusema hukuiba.

Ukisema "si kweli", hujamdanganya mtu. Wanawake wengi wacha Mungu wameniuliza hili kwa wasiwasi: je, nikikana nilichofanya si kusema uongo mahakamani? Hapana. Kukana kesi maana yake ni kwamba upande wa mashtaka ubebe mzigo wake wa kuthibitisha, jambo ambalo Katiba inakupa. Hutakuwa umeapa wala kutoa ushahidi. Uongo ungeanza pale utakapopanda kizimbani, uape, kisha useme manukato yalijitia yenyewe mkobani. Hilo usilifanye. Binamu yako anapokwambia ukane "kila kitu", nadhani hilo ndilo analotaka.

Mimi ningefanyaje kwako? Jumanne ningenyoosha mkono kwa adabu na kusema: "Mheshimiwa, naomba muda nizungumze na wakili kabla ya kujibu mashtaka." Ni ombi la kawaida. Hakimu akikubali utapata siku chache au wiki mbili. Asipokubali, sema "si kweli" siku hiyo, na ukishashauriwa unaweza kubadilisha jibu baadaye. Kutoka kukana kwenda kukiri mlango uko wazi wakati wowote. Kutoka kukiri kwenda kukana, mlango ni mwembamba na hufungwa kabisa hukumu ikishatolewa.

Muda huo utautumia kwa jambo ambalo askari wako hakukutajia. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ina sera ya kuwaepusha washtakiwa wa makosa madogo na kesi. Mtu wa mara ya kwanza anakubali wajibu wake, anarudisha au analipa alichochukua, pengine anapewa ushauri nasaha, na kesi haiendelei hadi hukumu. Haimfikii kila mtu, na kiongozi wa mashtaka ndiye anayeamua, lakini asiyeomba hapewi. Mwendee kabla mahakama haijaketi, umwambie kwa sauti ya kawaida: ni mara yangu ya kwanza, mali ilirudi, naomba nifikiriwe kuepushwa mashtaka. Wakili akikusemea ni bora zaidi. Kwako wewe mwenye ndoto ya Qatar, hii ndiyo njia ya kupigania kwanza, kwa sababu haikuachi na hatia kwenye jalada.

Kuwalipa supamaketi nako kuna mpangilio wake. Kwanza, usipeleke pesa kwa mlinzi, wala kwa mtu anayepiga simu akijiita meneja. Vitu vyao walivirudisha siku ile ile, kwa hiyo deni lenyewe ni dogo au halipo. Walinzi wengine hudai mtu alipe bei mara tano au mara kumi. Sheria haina kipimo hicho. Kinachoweza kukusaidia ni mwenye mali kukubali kuondoa malalamiko. Kifungu cha 204 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinaruhusu mlalamishi kufanya hivyo kabla ya uamuzi wa mwisho, hakimu akiridhika na sababu zake, na hapo mshtakiwa huachiliwa huru kabisa. Kwa hiyo andika barua ya kuomba radhi, umpe mtu mzima wa familia aipeleke kwa meneja ofisini. Barua iwe fupi, ipitiwe na wakili kabla ya kutumwa, maana usipoangalia unaandika ungamo. Akikubali, aje mwenyewe mahakamani au aandike rasmi kwa kiongozi wa mashtaka. Kusameheana dukani pekee hakufuti kesi iliyokwisha kuandikishwa. Wapo waliosamehewa Ijumaa, Jumatatu hawakwenda kortini, na Jumanne kukatolewa hati ya kuwakamata.

Hapa niseme juu ya dhamana. Zile shilingi 5,000, kaka yako alipewa risiti? Dhamana ya pesa taslimu ni amana, hurudishwa kesi ikiisha kama ulihudhuria kila mara, na bila risiti hakuna wa kumrudishia. Pesa bila risiti haikuwa dhamana, na nadhani unajua ilikuwa nini. Jumanne hakimu anaweza kukupa masharti mapya, ama pesa taslimu ama bondi yenye mdhamini, basi kaka aje na kitambulisho chake. Katiba, Kifungu cha 49, inasema uachiliwe kwa masharti yanayofaa isipokuwa kuwe na sababu nzito. Ukipewa kiwango usichokiweza, usinung'unike moyoni ukapelekwa rumande ya Shimo la Tewa kimya kimya. Sema: "Mheshimiwa, nasuka nywele, kipato changu ni hiki, naomba kipunguzwe."

Ile karatasi ya mlinzi inakutia hofu bure. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, haipokei ungamo lililotolewa popote tu. Linapaswa litolewe mbele ya jaji au hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa ambaye si mpelelezi wa kesi, mbele ya mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Chumba cha nyuma cha supamaketi hakimo. Kwa hiyo kesi ikisikizwa na karatasi hiyo ikatolewa, simama useme unaipinga, ulitia sahihi kwa kuahidiwa kuachiliwa. Lakini usijidanganye kwamba bila karatasi hakuna kesi. Kuna mlinzi aliyekushika, kuna vitu, kuna mtu wa kaunta atakayesema hukulipia, na kuna kamera. Picha za kamera ili zikubaliwe zinahitaji cheti kutoka kwa aliyezitoa, chini ya kifungu cha 106B. Viongozi wa mashtaka hukisahau mara kwa mara, lakini mimi nisingejenga utetezi wangu juu ya usahaulifu wa mtu mwingine. Pia ulivuka kaunta. Walinzi husubiri mtu avuke kwa makusudi, maana aliye bado kati ya rafu anaweza kusema alikuwa anaelekea kulipa, na kuthibitisha nia yake ni kazi.

Na ile picha: wakithubutu kuitupa Facebook, hifadhi ushahidi wa ukurasa na tarehe, kisha ulalamike kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tangu mwaka 2019 tuna sheria ya ulinzi wa data, na mshukiwa naye anabaki na haki zake. Hilo ni shauri lake, lisichanganywe na hili.

Wakili si lazima, ila nakusihi umtafute. Serikali hulazimika kukupa wakili pale ambapo kukosa kwake kungeleta dhuluma kubwa, na kwa wizi mdogo ni vigumu kulipata hilo. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa wasio na uwezo, na Kituo Cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa. Nenda Jumatatu na risiti zako zote. Hata wasipokuja kusimama nawe, saa moja ya ushauri wao itakufaa kuliko wiki nzima ya kusikiliza waswahili wa baraza.

Kesi ikienda hadi kusikizwa, jiandae kwa uchovu zaidi ya hofu. Kutajwa, kuahirishwa, shahidi hakuja, faili halijaonekana. Kila tarehe uhudhurie, hata kama unajua itaahirishwa. Mahakama nyingine huendesha baadhi ya shughuli kwa video, basi mwulize karani. Omba mapema, kwa sauti, upewe maelezo ya mashahidi na nakala ya picha za kamera. Shahidi akimaliza utapewa nafasi ya kumwuliza. Uliza maswali mafupi juu ya alichokiona. Usigombane naye wala usimwambie "muogope Mungu". Wote wakimaliza, hakimu ataamua kama una kesi ya kujibu. Ukiwa nayo, unaweza kujitetea kwa kiapo na ukaulizwa maswali, kujitetea bila kiapo bila kuulizwa, au kunyamaza. Ukipatikana na hatia una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Ama ukikiri au ukipatikana na hatia, kabla ya adhabu utaulizwa una la kusema. Tafadhali usiseme ni shetani. Mahakimu wetu wamemsikia shetani kila asubuhi tangu waajiriwe. Sema mambo yanayoweza kupimwa: ni kosa langu la kwanza, vitu vilirudishwa vikiwa vizima, nafanya kazi mahali fulani, kuna watu wanaonitegemea, nimeomba radhi kwa maandishi na nakala hii hapa. Kisha uombe ripoti ya afisa wa probesheni, yaani anayechunguza maisha ya mshtakiwa kwa niaba ya mahakama. Kwa ripoti hiyo hakimu anaweza kukuachilia kwa sharti la kutotenda kosa ndani ya muda usiozidi mwaka mmoja, au kukuweka chini ya uangalizi kati ya miezi sita na miaka mitatu, au kukupa huduma kwa jamii, yaani kufagia au kupalilia kwenye shule au zahanati bila kulipwa. Faini pia ipo, na usisahau kwamba faini isiyolipwa hugeuka kifungo.

Afisa wa probesheni haandiki ripoti akiwa ofisini. Atakuja Kisauni, ataongea na mzee wa mtaa, na ataongea na mama yako. Mama akisikia habari hizi kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni mwenye faili, ndiyo siku atakayosema mambo ambayo hata hakuyakusudia, na yakaandikwa. Mwambie kabla ya Jumanne. Mwombe kaka awepo, kwa kuwa yeye naye ana uongo wa kuutengua. Najua mama zetu. Atalia, atasema umemwaibisha, halafu asubuhi ya Jumanne ndiye atakayekuamsha.

Limebaki la Qatar. Hukumu ya hatia huandikwa kwenye kumbukumbu za polisi pamoja na alama zako za vidole, na cheti cha maadili mema hutolewa kutokana na kumbukumbu hizo. Hii ndiyo bei ya ile "faini ndogo" ya askari, na wala hakukutajia. Kesi ikiwa bado inaendelea, usisafiri bila ruhusa ya mahakama, hata visa ikitoka. Kutoroka dhamana kutamtia matatani aliyekudhamini, nawe utakamatwa siku utakayokanyaga uwanja wa ndege kurudi. Mwambie wakala wako safari isubiri. Akikujibu kwamba anamjua mtu wa kusafisha jina kwa ada kidogo, usimpe hata senti, na ile pasipoti yako kama iko kwake, iendee leo.